Lugha ya Mtoto Darasani: Somo kutoka Puerto Rico

Pakizungumzwa elimu katika baraza za visiwani kwetu, haupiti muda mzee mmoja atauliza: kwa nini mtoto asianze kusomeshwa kwa Kiingereza tangu mdogo, ikiwa lugha hiyo ndiyo itakayompatia kazi? Suali hili ni la haki, na mwenye kuliuliza hastahili kubezwa. Lakini sisi si wa kwanza kuulizana hivyo. Kiko kisiwa kingine, mbali sana na hapa, katika bahari ya Karibi, ambacho watoto wake walifanyiwa jaribio hilo hilo kwa muda wa karibu nusu karne, na matokeo yake yanajulikana. Kisiwa hicho ni Puerto Rico, na lugha iliyogombaniwa katika skuli zake za msingi ni Kihispania.

Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania vitani, na Puerto Rico ikahamishwa kutoka mkono wa bwana mmoja kwenda mkono wa bwana mwengine bila ya wenyewe kuulizwa. Ni kweli kwamba Kihispania nacho kililetwa kisiwani humo na merikebu za mkoloni. Hilo hatuna haja ya kulificha. Lakini karne nne si muda mchache. Kwa lugha hiyo mama alimbembeleza mtoto, mkata miwa aligombea ujira wake, na wazee walisuluhishana. Watawala wapya waliikuta lugha iliyokwisha kuota mizizi, wakaiona kuwa ni kizuizi. Hata jina la kisiwa hawakuona haja ya kuliandika kama wenyewe walivyoliandika: katika hati za serikali yao wakakiita Porto Rico hadi mwaka 1932.

Mwanzoni skuli za msingi ziliachiwa Kihispania, na Kiingereza kikafundishwa kama somo. Mwaka 1905 Kamishna wa Elimu, Roland Falkner, akaona mwendo huo ni wa kobe. Akaamuru Kiingereza kiwe ndiyo lugha ya kusomeshea tangu madarasa ya chini. Walimu wa kisiwani wakatahiniwa Kiingereza, na aliyeshindwa alikuwa na kila sababu ya kuihofia kazi yake. Hebu tumfikirie mwalimu huyo wa shamba, aliyejifunza maneno yake usiku, na asubuhi anasimama mbele ya watoto ambao hawajapata kuyasikia, kuwafundisha kugawanya kwa mafungu. Hapo mwalimu hafundishi hesabu, wala hafundishi Kiingereza. Anachofundisha ni woga, na watoto ni wepisi wa kujifunza woga.

Wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1915 José de Diego, mshairi na Spika wa baraza la kutunga sheria, alitaka sheria ya kukirudishia Kihispania nafasi yake skulini. Mwanafunzi mmoja wa sekondari mjini San Juan aliyekuwa akikusanya saini za kuunga mkono muswada huo akafukuzwa skuli, na wenzake wakagoma kwa ajili yake. Mwaka uliofuata watawala walilegeza kidogo: madarasa manne ya chini yakapewa Kihispania, la tano likagawiwa nusu kwa nusu, na kuanzia la sita Kiingereza kitupu. Suluhu ya namna hiyo humpendeza aliyekaa ofisini. Aliyekaa darasa la tano, ambaye Jumatatu alielewa na Jumanne hakuelewa, hakuulizwa.

Mwaka 1926 ikatoka taarifa ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliokwenda kuzikagua skuli hizo. Wale walikuwa Wamarekani, na hakuna awezaye kusema waliichukia lugha yao wenyewe. Hata hivyo walipendekeza Kihispania kipewe uzito zaidi katika madarasa ya chini na Kiingereza kicheleweshwe, kwa kuwa watoto wengi waliacha skuli baada ya miaka michache tu, kabla Kiingereza walichopewa hakijawafaa kwa lolote. Mwaka 1934 Kamishna José Padín, mzalendo wa kisiwa hicho, akatekeleza: madarasa yote manane ya msingi yakasomeshwa kwa Kihispania. Haikufika miaka mitatu. Mwaka 1937 Rais Roosevelt alimwandikia kamishna mpya kumtaka ahakikishe kizazi kinachokuja kinakijua Kiingereza barabara, na gurudumu likarudishwa nyuma tena. Mwaka 1946 baraza la wenyeji lilipitisha sheria ya Kihispania, Rais Truman akaitilia kura ya turufu. Ikabidi wangoje mpaka Januari 1949, alipoapishwa Luis Muñoz Marín, gavana wa kwanza aliyechaguliwa na wananchi wenyewe. Mwaka huo huo Kamishna Mariano Villaronga alikifanya Kihispania kuwa lugha ya kusomeshea katika skuli za serikali, na Kiingereza kikabakia somo la lazima.

Tusidanganyane hapa. Wako watakaosema: tazameni, hadi leo wengi wa wakaazi wa Puerto Rico hawakisemi Kiingereza vizuri, basi Kihispania kimewarudisha nyuma. Jawabu letu ni hili: na ile miaka ya kabla ya 1949, ya amri na mitihani, iliwafanya wakiseme? Haikuwafanya. Iliwanyima hesabu na sayansi, na Kiingereza chenyewe hawakukipata.

Wala hatusemi kwamba mtoto mdogo hawezi lugha ya kigeni. Anaiweza kuliko sisi watu wazima, na ushahidi unatoka katika nchi hiyo hiyo ya Marekani. Mwaka 1963, skuli ya msingi ya Coral Way mjini Miami ilianza kuwachanganya watoto wa wakimbizi wa Cuba na watoto wa Kimarekani. Kila kundi lilisoma nusu ya siku kwa lugha ya mama yake, na nusu ya pili kwa lugha ya wenzake. Mtoto wa Kimarekani alisoma Kihispania kwa mwalimu ambaye Kihispania kilikuwa ni pumzi yake, kwani walimu wa Kicuba walikuwa wamekimbilia pale pale. Zilipatikana fedha za mradi, wakfu wa Ford ukiwa mfadhili, na walimu wa lugha mbili walikaa wakapanga masomo pamoja. Hapo lugha ya pili iliingia bila ya kuitoa ya kwanza. Kwa hiyo anayetuambia tuige ya Marekani, na atuambie kwanza walimu wa namna ile atawatoa wapi.

Sisi wenyewe tuliopitia chuoni tunalo la kusema. Tulipokalishwa mkekani tukiwa hatujaota meno ya pili, tuliikabili lugha ambayo hapana Muislamu atakayeipunguzia heshima yake. Lakini mwalimu alitufundishaje? Alifu haina nukta, be ina nukta moja chini, te mbili juu: maelezo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Na tulipokua tukataka kujua maana ya tulichokihifadhi, tafsiri na fikihi tulifafanuliwa kwa Kiswahili. Masheikh wetu hawakuwa na shahada za ualimu, na huenda bakora zao zilikuwa nyingi kuliko ilivyolazimu, lakini hili walilijua.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Msomaji atakumbuka ni darasa gani lililogawiwa nusu kwa nusu kule Puerto Rico. Hatuandiki haya kwa kuipinga Serikali, ambayo nia yake ni njema na sisi ni miongoni mwa waliotumwa kuitetea. Tunaandika kwa sababu kada anayenyamaza anapoona mtoto wa mvuvi hafahamu anachofundishwa hakisaidii Chama wala hamsaidii mvuvi.

Tunachowaomba waheshimiwa wa Wizara ni jambo dogo. Kabla ya kukaa tena mezani kuzungumzia lugha ya kusomeshea, waende katika skuli ya shamba, Unguja na Pemba, saa ya somo la Sayansi, bila ya kutoa taarifa mapema. Wakae nyuma ya darasa la tano. Wasikilize mwalimu anaanza kwa lugha gani, na anapoona nyuso zimekunjamana anamalizia kwa lugha gani. Wahesabu mikono inayonyanyuliwa. Kisha wasubiri saa ya somo la Kiswahili, kwa watoto wale wale, wahesabu tena.