Mnyama bila cheti cha afya ni mali ya nusu bei

Mashariki mwa Kongo, mfugaji anayepeleka ng'ombe ao mbuzi sokoni anaulizwa kwanza juu ya unene wa mnyama, kisha juu ya bei. Afya ya mnyama inaulizwa kwa nadra, na mara nyingi jambo linaishia kwenye jeto la kodi. Wakaaji wamezoea hivyo. Lakini swali hilo lisiloulizwa ndilo linaloamua nani atauza nje ya inchi yake, na nani atabaki kuuza kwa jirani kwa bei ya jirani.

Wasomali walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1997 bandari ya Berbera, katika Somaliland, ilipakia karibu mifugo milioni 3 kwenda Uarabuni, kondoo na mbuzi wakiwa wengi zaidi. Mwisho wa mwaka huo mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki, mbu wakazaana, na homa ya Bonde la Ufa ikalipuka Kenya na Somalia. Ugonjwa huo unaharibu mimba za kondoo, unaua wana-kondoo, na unaweza kuua mtu aliyegusa damu ya mnyama mgonjwa. Saudi Arabia ikafunga mlango mwaka 1998, ikaufungua mwaka uliofuata. Kisha, Septemba 2000, homa ileile ikatokea Saudi Arabia kwenyewe na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Katika Saudi Arabia peke yake watu zaidi ya 100 walikufa. Mlango ukafungwa tena, na safari hii hadi mwaka 2009.

Miaka hiyo yote, mfugaji ambaye kondoo wake hawakuugua hata siku moja alilipa sawasawa na yule ambaye kundi lake liliteketea. Kosa lake halikuwa ugonjwa. Hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba wanyama wake ni wazima. Bei ikaanguka, na wauzaji wakatafuta njia za kuzunguka, kupitia inchi jirani.

Kilichofungua mlango si maombi ya wakubwa wala mikutano. Ni karantini iliyojengwa Berbera: wanyama wanatengwa, wanapimwa damu, wanatiwa alama, ndipo wanapewa cheti na kupanda meli. Djibouti ilikuwa imetangulia kwa karantini yake mwaka 2006. Kufikia mwaka 2014, kwa hesabu ya FAO, Somalia yote ilisafirisha mifugo milioni 5 hivi, hesabu kubwa kuliko ya kabla ya kufungwa.

Hapa ndipo Kongo inapaswa kusikiliza vizuri. Jibu la kawaida la viongozi wetu ni kwamba vita haviruhusu kitu. Ni kweli, vita vimekula ng'ombe wa Masisi, wa Ituri na wa Minembwe kama vilivyokula watu. Lakini Somaliland ilijitangazia uhuru mwaka 1991 bila Umoja wa Mataifa kuitambua, na Somalia ilikaa miaka mingi bila serkali yenye nguvu. Hata hivyo cheti kilipatikana, kwa sababu wafanyabiashara, wazee na watawala waliona kwamba bila hicho wote wanakula hasara.

Isisemwe pia kwamba kanuni hizi ni za haki tupu. Wanaonunua ndio wanaoshika rula, na gharama ya kupima inamwangukia anayeuza. Karantini ya Berbera ilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara kutoka inchi ileile inayonunua, na wauzaji wadogo walilalamika kwamba mlango umeshikwa na mtu mmoja. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani juu ya afya ya wanyama, unaotumika tangu 1995, unasema katazo lazima lisimame juu ya sayansi, na eneo lisilo na ugonjwa litambuliwe hata kama sehemu nyingine ya inchi inaumwa. Kongo ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1997. Haki hiyo ni yake. Lakini haki hiyo haitumiki bila vipimo, na asiye na daftari la chanjo hana cha kuweka mezani.

Tangu 2022 Kongo iko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko hilo litanunua kwa wenye karatasi na kuwauzia wasio nazo. Kwa hiyo kazi ianze chini, na ianze na mbuzi, kwa kuwa ndiye benki ya maskini. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyopiga Kongo vikali mwaka 2012, ina chanjo: sindano moja inalinda mnyama kwa miaka 3 na zaidi. Mataifa yamejipangia kuimaliza kufikia 2030, kama walivyomaliza sotoka ya ng'ombe mwaka 2011.

Majimbo yanadaiwa mambo matatu. Kwanza, kodi inayokatwa sokoni kwa jina la mifugo irudi kwa sehemu kulipa waganga wa mifugo na chanjo. Pili, kila usultani uwe na daftari la magonjwa, na mfugaji anayetoa habari ya ugonjwa asiadhibiwe. Tatu, karantini ikijengwa, vyama vya wafugaji viwe na sauti ndani yake, ili isigeuke kizuizi kingine cha barabarani.

Bila hayo, ugonjwa ukitokea kesho upande wowote wa mpaka, jirani atafunga njia siku hiyohiyo. Na mama wa Rutshuru mwenye mbuzi wanne wazima atalipa deni la mbuzi wagonjwa ambao hajawahi kuwaona.