Mshale wa joto umekufa, na abiria ndiye anayelala njiani

Ingia katika gari la abiria linalotoka Goma kwenda Sake, Minova ama Rutshuru, kisha angalia tablo mbele ya shofa. Mara nyingi mshale wa joto la injini umelala chini kabisa, injini iwe imewaka ama imezimwa. Shofa mwenyewe hauangalii tena. Anasikiliza mlio, ananusa hewa, na anaona moshi mweupe ukitoka chini ya boneti. Moshi ukionekana, imekuwa kuchelewa.

Magari ya hapa ni ya zamani, na hakuna aibu katika hilo. Hiace, Corolla na malori ya Fuso yalifanya kazi Japani kwa miaka, yakavuka bahari mpaka Mombasa ama Dar es Salaam, ndipo yakapanda huku. Katika safari hiyo yote injini imebadilishwa, nyaya zimekatwa na kuungwa upya, na sonda ya joto imetolewa kwenye gari lingine. Sonda isiyolingana na saa yake ni shahidi wa uongo. Huko Ulaya wapenzi wa magari ya zamani wanaongeza kipimo kipya cha joto ili kulinda gari la kutembelea siku ya Yenga. Hapa gari la umri uleule linabeba mama, watoto watano, magodoro na mihogo, na ndilo linalokosa kipimo.

Kuna jambo la Goma ambalo vitabu vya magari havisemi. Mji huu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kwa hiyo maji ya sufuria yanachemka kwenye digri 95, si 100. Ukipanda Masisi, kupita mita 2,000, ni digri 93 hivi. Injini yenyewe inataka kufanya kazi kati ya digri 85 na 95. Kinachozuia maji ya radiateri yasichemke ni kile kifuniko chenye springi. Kinafungia mvuke ndani, na kama ni kizima, maji hayachemki mpaka karibu digri 115. Kifuniko kikichoka, ama mahali pake pakafungwa kitambaa na kamba, gari linatembea kwenye ukingo wa kuchemka tangu asubuhi, hata barabara ikiwa tambarare.

Na maji yenyewe je? Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Hakuna mto unaopita mjini, ni ziwa ndilo linalonywesha watu na magari pia. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za mawe, zile zinazoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huohuo unaziba vijia vyembamba vya radiateri. Kila bidoni inayoongezwa kwa haraka inaacha jiwe lake humo. Mafundi wengi wanajibu kwa kutoa termosta na kuitupa. Hiyo haiponyi radiateri iliyoziba, inaficha ugonjwa kwa wiki chache, na injini inakunywa mafuta zaidi.

Kufunga kipimo kipya si kazi ya injinia. Viko vya namna mbili. Kimoja kina kichwa cha chuma chenye majimaji ndani na mrija mwembamba wa shaba unaofika mpaka kwenye saa. Hakihitaji umeme, lakini mrija ukikatika ama ukikunjwa vibaya, kimekufa. Kingine ni cha sonda na waya. Hicho ni rahisi kupitisha nyaya zake, ila sonda na saa lazima vinunuliwe pamoja. Kuokota kimoja kwenye butike hii na kingine kwenye butike ile ni kurudi kwenye uongo wa zamani.

Mahali pa sonda ndipo mafundi wanapokosea. Inatakiwa ikae kwenye kulase, pale maji ya moto yanapotokea, kabla ya termosta. Ikiwekwa upande wa chini wa radiateri, inapima maji yaliyokwisha kupoa. Kama kulase haina tundu, mpira wa juu wa radiateri unakatwa na kutiwa bomba fupi la aluminiamu lenye tundu la skrubu, likabanwa kwa vibano viwili. Hapo kuna mtego: bomba hilo limezungukwa na mpira, kwa hiyo sonda haina masi. Lazima lipewe waya wake wa masi mpaka kwenye bodi ya gari. Ule utepe mweupe wa mabomba nao, ukizungushwa mara nyingi kwenye skrubu, unaweza kukata masi hiyohiyo.

Kabla ya kufunga, fundi akitumbukize kichwa cha kipimo katika sufuria inayochemka juu ya mbabula. Hapa Goma mshale usimame karibu na 95. Fundi anayengoja 100 atatupa kipimo kizuri.

Lakini kipimo hakioni kila kitu. Kinapima maji. Mpira ukipasuka na maji yakaisha, sonda inabaki katika hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale unaoanguka ghafula mlimani ni habari mbaya, si ya kushukuru. Kuangalia maji asubuhi, injini ikiwa baridi, kunabaki palepale.

Tatizo kubwa hata hivyo haliko kwa fundi. Liko katika versement, ile pesa ambayo shofa anapaswa kumkabidhi mwenye gari kila jioni. Shofa anayeona mshale unapanda katikati ya mlima wa Mushaki anapiga hesabu: akisimama nusu saa injini ipoe, atapoteza zamu, na jioni patron hatasikiliza habari ya digri. Basi anaendelea. Kulase inapinda, joint yake inaungua, na gharama ya kuitengeneza inazidi mara nyingi bei ya kipimo. Mwenye gari analia pesa. Abiria anabaki barabarani na usiku unaingia.

Wanaojua maana ya usiku huo ni wahami. Gari likifa kwenye mpando wa Kabasha, kati ya joto la uwanda wa Rwindi na Kanyabayonga, hakuna nyumba ya kubisha hodi. Ni mbuga ya Virunga, na silaha zinatembea humo. Maji ya kunywa ya watoto ndiyo yanayoombwa kwanza kwa ajili ya radiateri. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama, na umati ukaelekea Sake kwa miguu na kwa kila kitu chenye magurudumu. Msafara kama huo, mzigo mzito na mwendo wa kinyonga, bila upepo wa kupoza radiateri, ndio unaoua injini kuliko mwendo wa kasi.

Wengine watasema nchi iliyo vitani haina nafasi ya kujadili mishale. Ni kinyume. Pale ambapo gari moja linabeba familia tatu na mali yao yote, kipimo hicho kina kazi kuliko mahali pengine popote. Chama cha washofa ACCO kinaweza kuanza na jambo moja bila kungoja serikali: shofa aliyesimama kwa sababu mshale umepanda asidaiwe versement kamili siku hiyo. Bila makubaliano hayo, kipimo kipya kitakuwa pambo la tablo.

Na abiria anayeuliza bei ana haki ya kuuliza na mshale. Injini ikiwashwa mapema kabla ya kuondoka, dakika kumi ama kumi na tano zinatosha kuona kama unasogea.