Kompyuta Huamka kwa Hatua

Kwa miaka mingi, kabla ya taa za betri kuenea, wavuvi wa dagaa wa Kirumba, mjini Mwanza, walivua kwa mwanga wa karabai. Kila aliyeiwasha alijua kwamba mafuta ya taa hayawaki humo yakiwa majimaji. Sharti kwanza spiriti kidogo ipashe neli moto, mafuta yageuke mvuke, ndipo mwali ushike na kuendelea kujipasha wenyewe. Aliyeruka hatua ya kwanza alipata moshi, si mwanga.

Kompyuta ndogo zilizotumia mfumo wa MS-DOS, uliotokea mwaka 1981, ziliamka kwa kanuni hiyo hiyo. Umeme ulipowashwa, programu fupi iliyohifadhiwa daima ndani ya chipu ilisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Nafasi hiyo haikutosha mfumo mzima. Ilitosha maagizo ya kutafuta faili la IO.SYS, lililojua kuwasiliana na kibodi, kioo na diski. Kisha likafuata MSDOS.SYS, lililosimamia utunzaji wa mafaili, na mwisho COMMAND.COM, mpokeaji wa amri za mtumiaji. Mawili ya kwanza yalifichwa, yasionekane katika orodha ya kawaida. Tena, katika matoleo ya awali, yalipaswa kukaa mahali maalumu mwanzoni mwa diski. Kuyanakili kama barua hakukutosha, bali ilihitajika amri ya SYS.

Hivyo mashine iliyopotelewa na faili moja ilionekana maiti, kumbe ni nzima. Asiyejua utaratibu huo angeitupa stoo. Anayeujua angeiamsha kwa disketi moja yenye mfumo.

Hapa pana funzo kwa shule zetu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, nayo MS-DOS ikazaliwa marufuku hiyo ingalipo. Kuchelewa huko hakufidiwi kwa kufundisha vijana kubonyeza vitufe tu. Majina ya mafaili yamebadilika, lakini ngazi haikubadilika: kidogo huita kikubwa. Yafaa basi mwalimu wa sekondari aanze somo la kompyuta kwa swali moja: programu hupakiwa na programu nyingine, je, ile ya kwanza hupakiwa na nani? Mwanafunzi atakayelijibu hataiogopa mashine iliyozimika, wala hatamngoja fundi wa mbali aje kumwashia karabai yake.