Kabla Hujamwandika Mtoro, Uliza Upepo

Wanachuo wenzangu wa elimu, wiki chache zijazo tutasambaa nchi nzima kwenda TP. Kila mtu ana presha ya andalio la somo na ya mhadhiri atakayekuja kumkagua bila taarifa. Kuna kitu kingine tutakachokabidhiwa ambacho hatukifikirii kabisa: daftari la mahudhurio. Hilo ndilo ninalotaka kulisemea leo, na nitaanzia pasipotarajiwa, ndani ya jahazi.

Mimi ni mtu wa Mitundu. Kwa wasiopajua, unashuka Itigi kwenye reli ya kati, unashika barabara ya kusini inayokwenda Rungwa hadi Chunya, na vumbi la njiani unafika nalo. Kwetu hakuna bahari wala ziwa. Mpaka namaliza kidato cha sita, jahazi nililijua kwa picha ya kitabuni tu, na katika mtihani niliandika vizuri sana kuhusu pepo za msimu bila kuwahi kusimama mbele ya hata mmoja.

Julai iliyopita tulikuwa likizo, bumu limekwisha, na nauli ya kwenda nyumbani kurudi sikuwa nayo. Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa Unguja, akaniambia, "Twende kwetu, mjomba wangu yupo bandarini na jahazi, kula na kulala utapata." Nikajua ni utani. Kumbe kweli. Nikalala usiku tano ndani ya jahazi la mizigo, bandari ya Malindi, mjini Zanzibar. Lilikuwa limetoka mwambao wa Tanga na mbao, mbao zimeshashushwa, watu wanangoja mzigo wa kurudi nao na wanangoja upepo upungue.

Jambo la kwanza lililonichekesha ni baridi. Ilikuwa kipupwe, na mabaharia wamevaa masweta na kofia za sufi wakati mimi nimekaa na fulana. Singida mwezi wa saba ukiamka alfajiri unatoa moshi mdomoni, sasa hiyo baridi yao nikaiona ya kitoto. Usiku wa kwanza ulinifundisha adabu. Upepo wa kusi ukipita juu ya maji unakuja na unyevu, blanketi linakuwa zito kama limefuliwa, na mbao unazolalia nazo zina unyevu wake. Asubuhi nikaazima sweta, hakuna aliyenicheka usoni.

Jambo la pili ni kwamba kitanda hakitulii. Tulikuwa kwenye bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa pale Zanzibar hufika karibu mita 4. Saa 4 usiku maji yamekimbia, jahazi limekaa kwenye tope limeegemea ubavu, na nyinyi mliolala ndani mmeporomokea upande mmoja kama viazi kwenye gunia. Saa 8 maji yanarudi, chombo kinatikisika, kinanyanyuka, kila mtu anajipanga upya bila hata kufumbua macho. Asubuhi nikamwamkia nahodha, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwalimu. Umelalaje? Hapa maji yakiondoka na kitanda huondoka nayo." Tangu nilipotajwa kuwa nasomea elimu, jina langu likawa mwalimu.

Watu wengi wakiona jahazi limetia nanga hudhani waliomo wamekaa tu. Mimi pia nilidhani hivyo. Siku inaanza saa 11 alfajiri, adhana ikitoka misikitini. Kazi ya kwanza ni kufua maji ya ngama, yaani yale yaliyovuja usiku yakakusanyika chini kabisa ya chombo. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja, swali ni kiasi gani. Kisha kamba za nanga zinakaguliwa, maana kamba iliyotosha wakati maji yamejaa si ile inayofaa yakipwa. Maji yakikauka saa 4 asubuhi ndiyo nafasi ya kufanya kazi za chini: mtu anashuka kwenye tope, anatazama mianya kati ya mbao, anashindilia pamba iliyolowekwa mafuta. Hiyo ndiyo kalafati, na akiifanya ovyo watalipia wote katikati ya mkondo.

Maji ya kunywa yanakuja kwa madumu ya lita 20, yanabebwa kutoka nchi kavu. Kuoga ni kopo, na kopo linahesabiwa. Simu zinachajiwa kwa zamu kwenye kisola kidogo kilichofungwa juu ya kibanda. Mpishi anapikia jiko la mkaa lililokaa ndani ya sanduku la mchanga, ili chombo kikiinama cheche zisiingie kwenye mbao. Wali na mchuzi wa papa, chai ya tangawizi, siku nyingine muhogo. Jioni kuna karata, kuna kushona tanga, kuna kubishana Simba na Yanga. Wako watu saba mle ndani, na katika siku tano sikusikia hata mara moja mtu akiuliza "hii ni zamu ya nani?" Waliokaa hosteli wanajua ninasemea nini.

Kila baada ya muda nahodha anatazama juu, anatazama bahari, anauliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kuna vijana wa boti za kasi wanaowacheka wazee wa aina hii kwa kungoja. Lakini Julai 2012, mwezi uleule, kwenye upepo mkali kama uleule, meli ya MV Skagit ikitoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, watu wengi wakafa. Ile ilikuwa meli ya injini. Mzee wa tanga akisema "leo hatuondoki", hapo yuko kazini.

Na kungoja huku ni kwa zamani sana. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuwa yakiteremka na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, wakati kwao ni majira ya baridi na huku ni joto. Yakifika yanatia nanga, watu wanaishi mlemle ndani wiki kwa wiki, wanauza tende, wanatengeneza vyombo, wanangoja kusi iwarudishe. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri nao mwaka 1938 hadi 1939 ndani ya bumu la Kuwait. (Bumu hapa ni aina ya jahazi, si lile la Bodi ya Mikopo, ingawa yote mawili tunayangoja kwa macho makavu.) Walipita Mombasa na Zanzibar, wakaingia hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Miji ya pwani, na lugha hii ninayoiandika, imekua kwa sababu watu walilazimika kukaa kungoja upepo, wakazungumza, wakaoana.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kati ya wale watu saba, mmoja alikuwa mtoto wa miaka 13, mpwa wa nahodha, darasa la sita. Alikuja na chombo wakati wa likizo ya Juni. Safari ilikuwa ya siku chache. Mzigo ukachelewa, upepo ukawashika, na shule zikafunguliwa yeye akiwa Malindi.

Yule mtoto alinieleza kupwa na kujaa kuliko nilivyoelezwa darasani. "Leo maji yamekauka saa 4, kesho saa 5 kasoro dakika 10, keshokutwa yanasogea tena hivyohivyo." Nikamuuliza kwa nini, akanieleza habari za mwezi kwa kutumia chungu na machungwa mawili. Anajua mbao ngapi zinaingia chomboni kabla maji hayajafika alama. Hiyo ni hesabu, na ni jiografia. Nikamwambia, "Ukirudi shule utang'ara." Akanyamaza, kisha akasema, "Nikirudi nachapwa. Nimeandikwa mtoro."

"Si umwambie mwalimu mlizuiwa na upepo?"

"Nilishasema mwaka jana. Akacheka, akaniambia upepo hauna mkono wa kumshika mtu. Nikachapwa mbele ya paredi." Akaendelea kuviringisha kamba. "Mjomba anasema nikitaka nibaki tu chomboni."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, kuliko kitanda kinachoinama. Mtoto alikuwa anataka kurudi. Kilichokuwa kikimsukuma abaki ni aibu iliyokuwa ikimngoja darasani. Bahari haikumwita.

Na niliijua aibu hiyo. Kwetu Mitundu, mwezi wa sita na wa saba ni wakati wa asali. Baba na wajomba wanaingia porini na baiskeli na madumu, wanapiga kambi wiki nzima, wakati mwingine mbili. Wanalala kwenye turubai, maji yanabebwa, chakula kinahesabiwa, kila mtu anajua kazi yake. Nilipokaa kwenye lile jahazi nilijiona niko kambini, tofauti ni chumvi tu. Nikiwa darasa la saba nilikwenda nao, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na ile asali ndiyo iliyokuwa inunue sare na madaftari yangu. Niliporudi, jina langu lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nilisimama jua kali nimeshika matofali, na nakumbuka niliwaza kwamba nikiacha shule itakuwa rahisi zaidi. Bibi yangu ndiye aliyenirudisha kwa kunishika mkono. Wenzangu wawili hawakuwa na bibi wa namna hiyo.

Najua mtaniambia nini, maana nilipolisema hili kwenye semina nilijibiwa palepale: "Unatetea utoro na ajira ya watoto." Hapana. Mahali pa mtoto wa miaka 13 Julai ni darasani, na bahari haina huruma kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Kuna wazazi wanaomfanya mtoto kibarua na kusingizia msimu, na hao sheria iwakute. Ninachosema ni kwamba mtoto anayekimbia shule na mtoto aliyecheleweshwa na maisha ya watu wake ni watoto wawili tofauti, na sisi tunawaandika kwa wino mmoja. Wa kwanza anahitaji kufuatwa. Wa pili amerudi mwenyewe, tena na kitu cha kuwafundisha wenzake, na tunampokea kwa fimbo.

Serikali imefungua milango kadhaa. Ada iliondolewa kuanzia 2016, ikafika kidato cha tano na sita mwaka 2022. Novemba 2021 ilitangazwa kwamba waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaweza kurudi. Lakini mlango wa mwisho uko mikononi mwa mwalimu wa darasa, saa 2 asubuhi, akiwa na kalamu. Huyo ni mimi na wewe.

Wala hili si wazo geni. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisema likizo zinaweza kupangwa kwa zamu ili shamba la shule lisikose watu wakati wa kupanda na kuvuna. Tunaliandika jina la andiko hilo katika kila asainimenti. Kwa nini msimu wa shamba la shule uheshimiwe, na msimu wa wazazi wa mwanafunzi uitwe uzembe?

Sina mamlaka ya kubadili kalenda ya taifa, nina mapendekezo matatu madogo. Kwanza, ukifika kituo chako cha TP, kabla hujauliza kuna mtandao gani, uliza misimu: hapa watu huondoka lini, wanakwenda wapi, wanarudi lini. Iwe ni asali, dagaa, mpunga, malisho au upepo. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Pili, mzazi akiaga kwamba anaondoka na mtoto, mzuie kama unaweza, na kama huwezi mpe mtoto kazi za wiki mbili na uchukue namba ya simu. Nahodha yule ana WhatsApp, anatuma picha za mawingu kwa mabaharia wenzake. Atashindwa kupokea picha ya ukurasa wa hesabu? Tatu, mtoto akirudi, swali la kwanza liwe "ulikuwa wapi?" na umsikilize mpaka amalize. Fimbo haifidii hata kipindi kimoja alichokosa.

Siku ya sita upepo ulipungua, saruji ikapakiwa, na alasiri maji yalipojaa wakatweka tanga. Kwenda Tanga kusi unakusukuma mgongoni, kwa hiyo hawakuhitaji maneno mengi. Nilimwandikia yule mtoto barua kwa mwalimu wake, nikaeleza siku, mzigo na hali ya hewa, nikasaini kama mwalimu ingawa bado sijawa. Aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Kama ilisomwa au ilichanwa, sijui. Ila TP yangu mwaka huu nimepangiwa pwani, na daftari la mahudhurio nitakalokabidhiwa litakuwa na majina ya watoto kama yeye.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu, mzaliwa wa Mitundu, Singida.