MALI YA TAJIRI IMO HAKI YA WATU



Kila uingiapo mwezi wa Ramadhani twaona wajane na wazee wamejipanga mbele ya milango ya matajiri. Husimama juani tangu asubuhi, wakapewa noti moja moja, na kabla ya magharibi mji mzima umekwisha kupata khabari kwamba Bwana Fulani ametoa. Sisi twauliza: ametoa katika mali ya nani?

Litazameni lile jengo la roshani za mbao linaloelekea bandari ya Unguja. Aliyeligharimia ni Tharia Topan, tajiri aliyekodi forodha ya Sultani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887; mwenyewe akafa mwaka 1891, na kazi ikamalizika mwaka 1894. Likawa zahanati, na wagonjwa wakatibiwa. Tumshukuru? Naam. Lakini forodha ile ilineemeka kwa karafuu na pembe za ndovu. Karafuu zilichumwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hapa ila mwaka 1897. Pembe zilibebwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara. Basi zahanati ile haikuwa hidaya. Ilikuwa sehemu ndogo ya deni.

Tajiri wa leo atajibu: "Mali hii nimeitafuta kwa jasho langu." Hasha! Barabara ipitayo gari zako, bandari ishushayo shehena yako, skuli iliyomfundisha karani wako, vyote vimelipiwa na umma. Mwenye hoteli ya pwani huuza mchanga na bahari asivyoviumba yeye. Na Serikali nayo, badala ya kumdai, humpa msamaha wa kodi, hali mama muuza mbatata sokoni hulipa ushuru wake kila siku bila ya kusamehewa.

Dini imekwisha kukata shauri. Zaka ni sehemu moja katika arubaini, nayo ni haki ya maskini, wala si hisani ya mtoaji. Wazee wetu walifahamu zaidi ya hapo: waliacha nyumba na mashamba kuwa wakfu, wao wakafa na pato likaendelea kuwafaa watu. Noti ya mlangoni huliwa siku ile ile.

Wala tusiwasute walio nje tu. Humu chamani wamo wenye maduka na majahazi wapigiwao makofi kwa kuchangia mkutano, na wachukuzi wao hawajalipwa ujira wa mwezi uliopita. Bwana huyo asitupe bendera. Kwanza amlipe mchukuzi.

Twadai mambo matatu: ujira ulipwe kwa wakati, kodi ilipwe bila ya hila, na mali za wakfu zitolewe hesabu hadharani. Atimizaye hayo, kisha akatoa sadaka, huyo tutamwita karimu. Asiyetimiza ni mdaiwa, hata akigawa tende kwa magunia.

Mwanachama, usiinamishe kichwa upokeapo haki yako.