Kiyoyozi Kisijazwe Gesi Kabla ya Kuzibwa Tundu

Zamani nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilipunguza joto la kaskazi kwa kuta nene za mawe na chokaa, na kwa ua ulioachwa wazi katikati. Siku hizi kazi hiyo imekabidhiwa viyoyozi, ambavyo vimeenea hata katika mahoteli ya Nungwi na Paje. Lakini hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula mabomba. Gesi huvuja, na fundi huitwa aje "kuongeza gesi".

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Gesi ya kupoozea haiungui kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke. Ikipungua, basi ipo njia inayotokea. Kuijaza upya bila kuziba tundu ni kumtoza mwenye nyumba gharama ya hasara itakayorudi.

Hasara hiyo si yake peke yake. Gesi ya R-22 ina klorini inayoharibu tabaka la ozoni. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zinaiondoa hatua kwa hatua hadi 2030. R-410A haina klorini, lakini kilo moja ikipotea hewani huongeza joto la dunia sawa na kilo 2,000 hivi za kaboni dioksaidi katika miaka 100. Gesi za namna hiyo ndizo zilizolengwa na Marekebisho ya Kigali ya 2016.

Zipo badala zake. R-32 ina madhara pungufu, nayo huwaka kwa taratibu. R-290, yaani propani, ina madhara machache mno kwa hali ya hewa, lakini hushika moto upesi. Kwa hiyo haifai kamwe kutia propani katika mashine iliyoundwa kwa R-22. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako nyumba zimeegemeana na dari zimebebwa na boriti, moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa. Aidha, uvujaji upimwe kwa naitrojeni kavu, wala si kwa oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka. Milango na madirisha yafunguliwe, kwani gesi nyingi kati ya hizi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Mafundi hudai, na dai lao ni la haki, kwamba mashine ya kunasa gesi ni ghali. Basi na inunuliwe kwa ushirika, au iwekwe katika vyuo vya ufundi, kama Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Mbweni, ili mafundi waiazime na kufundishwa kuitumia.

Wenye nyumba nao wana wajibu wao. Fundi asilipwe kwa kilo za gesi alizojaza, bali kwa tundu aliloziba.