Pata potea ilitoka wapi?

Wanaotafuta asili ya mchezo wa karata tatu, ule unaochekesha watu huku mkono ukiwadanganya macho, huishia Ulaya. Wafaransa huuita bonneteau. Sawa, mkono huenda ulitoka huko. Lakini kichekesho kinakaa mdomoni, na mdomo una historia yake.

Chukua majina. Pwani wanasema karata, kopa, shupaza, turufu: yote ya Kireno. Sisi wa Kabimba, upande huu wa Ziwa Tanganyika, mengi tuliyapata kwa Kifaransa. Basi karata zilitufikia kwa njia mbili. Tena pwani karata za picha huitwa mzungu, na kamusi za zamani zinalipa neno hilo maana nyingine pia: hila, jambo la kushangaza. Mzaha huo hauingii katika Kireno wala Kifaransa.

Kisha jina lenyewe, lile la Kenya: pata potea. Ungetarajia "pata, poteza". Potea haihitaji yambwa; anayepotea aweza kuwa pesa, aweza kuwa wewe. Aliyetunga hilo alikijua Kiswahili kuliko wengi wetu tunaokisomea.

Hata hivyo, ukipendekeza maneno ya mchezesha karata kuwa mada ya kazi ya mwisho wa masomo, utaambiwa urudi kwenye methali. Eti hao ni wezi. Wengi ni wezi kweli. Sarufi yao haijaiba kitu, na hakuna anayeirekodi.